Majengo ya zamani ya Jinja: yasemwayo na yalivyo

Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikalifuata mjini Jinja, Uganda: Nyanza Textile ikafuma nguo, tanuru likayeyusha shaba iliyokuja kwa reli kutoka mgodi wa Kilembe. Maduka ya Main Street mengi yalitangulia viwanda hivyo. Leo kila mwenye pesa ana la kusema juu ya majengo haya, na mengi si kweli.

"Ukuta wa zamani uimarishwe kwa simenti." Hili ndilo linaloharibu zaidi. Tofali la zamani ni laini na hunyonya maji ya ardhini. Likijengewa mota ya chokaa, unyevu hutoka nje kupitia viungo, yaani mistari ya mota kati ya matofali. Ukiviziba kwa simenti, unyevu hutafuta njia kupitia tofali lenyewe, chumvi inaganda ndani, na uso wa tofali unabanduka vipande. Fundi atalaumu tofali, wakati kosa ni la mota.

Kwanza chokonoa kiungo kwa msumari. Kikimeguka upesi, ni chokaa au udongo. Tia kipande kwenye maji, udongo utayeyuka. Kikiwa kigumu kama jiwe, huenda ni simenti iliyotumiwa tangu jengo lilipojengwa, na jengo la miaka ya 1950 linaweza kuwa hivyo. Kwa chokaa: toa mota mbovu kwa patasi, kina cha milimita 20 hadi 25. Grainda usiiguse, hukata kingo za tofali. Lowesha, kisha jaza kwa chokaa sehemu 1 na mchanga safi, wenye chembe kubwa na ndogo, sehemu 3. Funika kwa magunia mabichi angalau siku 3, kwani jua la mchana hukausha chokaa kabla haijashika, nayo hubaki unga.

"Kubomoa na kujenga upya ni nafuu." Hesabu hiyo husahau kubeba kifusi na matofali mapya, ambayo huku huchomwa kwa kuni. Tena baraza na kuta nene hupoza chumba bila feni.

"Paa la asbesto livunjwe tu." Likivunjwa, nyuzi zake huingia mapafuni. Lilowesheni kwa maji yenye sabuni, fungueni bolti bila kupasua, funga mabamba kwa plastiki nene tabaka mbili. Kitambaa puani si kinga; inatakiwa barakoa ya chujio.

"Kiwanja cha kiwanda kilichofungwa ni shamba tayari." Metali nzito zilizobaki udongoni, kama risasi, haziozi. Pima udongo wa sentimita 15 za juu, sehemu kadhaa, kabla ya kupanda mboga za majani. Pasipopimwa, panda kwenye makasha yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine.

"Mpangaji wa siku nyingi ndiye mwenye jengo." Mali za Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 ziliwekwa chini ya bodi ya uangalizi, na sheria ya 1982 ikawaruhusu kuzidai. Angalia hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa chokaa.