Kwanza Gari Lisimame

Wazazi wanaofika kliniki yetu ya afya ya akili ya watoto hueleza mengi: mtoto halali, hasemi, anang'ata wenzake shuleni. Habari ya gari huja mwishoni, wakiwa wameshaaga na mkono uko kwenye kitasa. "Halafu kuna hili jingine, daktari. Juzi alinivuta nywele tukiwa juu ya daraja la Ubungo." Au alifungua mlango gari likitembea. Au alirusha kiatu kikampata dereva kisogoni. Huisema kwa aibu, kana kwamba wanaungama, na kumbe pengine ndiyo hatari kubwa kuliko yote tuliyozungumza asubuhi hiyo.

Tupige hesabu kidogo. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, kasi ya juu inayoruhusiwa maeneo ya makazi, huenda takriban mita 14 kila sekunde. Ukigeuka nyuma kumkemea mtoto kwa sekunde 2 tu, umepita mita 28 bila kuona bodaboda iliyokuchomekea wala mama anayevuka na ndoo. Kwenye kilomita 80 ni mita 44. Ndiyo maana tunawaambia wazazi: mtoto akilipuka garini, kumtuliza bado hakujawa kazi yako. Kazi yako ni kusimamisha gari.

Toa mguu kwenye mafuta taratibu. Usifunge breki ghafla, aliye nyuma yako hajui kinachoendelea ndani. Washa indiketa ya kushoto, sogea. Ongea kwa sauti ya chini, maneno machache yaleyale: "Tunasimama. Tunasimama." Mtoto aliyefika hapo hasikii hoja, na kila "una nini wewe?" kwake ni kelele nyingine. Sheli ni mahali pazuri pa kuingia, au uwanja wa mbele ya maduka, popote nje ya barabara. Bega la barabara kuu liwe chaguo la mwisho, na taa za tahadhari ziwake.

Likishasimama: breki ya mkono, zima injini, ufunguo mfukoni. Usiuache, watoto hawa wametuangalia tukiwasha gari mara mia. Usimshushe upande wa magari yanayopita, na kama ni mtoto wa kukimbia, ni heri mbaki ndani, dirisha likiwa wazi kidogo. Ondoa chochote kigumu kilicho karibu naye, kisha subiri. Inaweza kuchukua dakika 10, inaweza kuchukua nusu saa.

Watakaokupita watakuwa na ushauri. Samaki mkunje angali mbichi, mchape huyo. Kofi linalorushwa nyuma kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani, hupindisha gari kabla halijamnyoosha mtoto. Kuna mtoto wa deko, anayelia huku akikutazama kama unamwona na kunyamaza akipewa alichotaka. Na kuna aliyezidiwa kweli, ambaye hata ukimpa haachi. Sisi kliniki tofauti hiyo tunaihangaikia sana. Barabarani haibadilishi kitu, gari linasimama kwa wote wawili.

Wazazi huuliza, je, hatajifunza kwamba akipiga kelele tunasimama? Anaweza. Kwa hiyo asipate zawadi ya kelele: hakuna soda, hakuna simu, hakuna kurudi nyumbani kama ndicho alichokuwa akidai. Akitulia, mnaendelea na safari ileile.

Sasa gari lenyewe. Milango ya nyuma karibu yote ina kidude kidogo ubavuni, unakiona mlango ukiwa wazi. Ukikisogeza, mlango haufunguki tena kwa ndani. Magari mengi yetu yametoka Japani na maelezo yake yako kwa Kijapani, basi usihangaike kusoma: sogeza, kaa nyuma mwenyewe, mtu afunge mlango, jaribu kutoka. Madirisha yana kitufe chake cha kuzuia, upande wa dereva. Mtoto akae nyuma kushoto, si nyuma ya dereva anakoweza kukufikia shingoni, na afungwe kwenye kiti cha umri na uzito wake. Usimfunge kwa kanga. Siku ya ajali au moto hakuna atakayeifungua haraka. Chupa za maji zisizagae sakafuni, kwa sababu ikirushwa moja ikaviringika chini ya pedali ya breki, hutakuwa na breki. Mtu mzima wa pili, akiwepo, akae nyuma. Kama mtoto ameshakuzidi nguvu, usimwendeshe peke yako. Na bodaboda kwa mtoto wa namna hii, hapana kabisa.

Mara nyingi mlipuko haukuanzia garini. Mwenye usonji anaweza kuwa ameshajaa honi, joto la foleni, na njia aliyoizoea kubadilishwa bila kuambiwa. Mwingine ana njaa, amebanwa mkojo, au anasikia kichefuchefu, jambo la kawaida kati ya miaka 2 na 12. Asiyeweza kusema huenda jino au sikio linamuuma. Andika kwa wiki 2: saa, njia, alichokula, kilichotangulia. Wengi hugundua ugomvi ulianzia sebuleni, televisheni ilipozimwa ghafla na viatu vikavalishwa kwa haraka.

Usimpe Piriton ili alale njiani. Hiyo ni dawa ya mzio, na baadhi ya watoto huwachangamsha badala ya kuwalaza. Lakini akikodoa macho bila kuitika, akikakamaa, au akiamka hakumbuki chochote, mpeleke hospitali achunguzwe kifafa.

Mkishajua kinachomchokoza, mrudisheni garini kidogo kidogo. Siku ya kwanza mkae tu ndani, injini imezimwa, dakika 5, mkiimba anachopenda. Siku nyingine mtoke uani hadi getini. Ikienda vizuri, hadi dukani kwa Mangi na kurudi.