Kamera ya Mtego Haioni Mwendo: Dhana Potofu za Wateja na Ukweli Wake

Wafugaji wanaopakana na uzio wa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, pamoja na wenye mashamba kando ya kinamasi cha Dunga huko Kisumu, hunipigia simu wakiwa na lalamiko lilelile: nyayo zipo, mbuzi hayupo, lakini kadi ya kamera ya mtego, ile inayofungwa njiani ipige picha yenyewe mnyama anapopita, haina picha hata moja ya aliyemchukua. "Fundi, kamera yako ililala," huniambia. Kamera haikulala. Aghalabu imefanya kazi yake sawasawa, ila aliyeifunga alidhani inafanya kazi nyingine kabisa.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba kamera hizi huona chochote kinachosogea, na kwa hiyo picha isipopatikana, hakuna kilichopita. Ukweli ni kwamba lenzi haishiriki hata kidogo katika uamuzi wa kupiga picha. Uamuzi hufanywa na kihisi kidogo kilichofichwa nyuma ya kipande cha plastiki nyeupe chini ya lenzi, na kihisi hicho hakitambui umbo, rangi wala mwendo. Hupokea mionzi ya infraredi, yaani joto linalotoka kwenye kila kitu kilicho mbele yake. Plastiki hiyo ina mikato myembamba inayoligawa eneo la mbele katika kanda nyingi, na kihisi hulinganisha joto la kanda moja na la jirani yake. Tofauti ikijitokeza ghafla, kamera huamshwa. Isipojitokeza, kamera hubaki kimya hata kama mnyama anatembea mita tatu tu kutoka ilipofungwa.

Ukishaelewa hilo, mambo mengi yanayoitwa ubovu hupata maelezo. Usiku wa Nakuru, mji ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ardhi hupoa sana na mwili wa fisi hujitokeza waziwazi dhidi ya baridi hiyo, ndiyo maana picha za usiku huko huwa nyingi na nzuri. Kisumu, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, mambo hubadilika. Ardhi tupu inayopigwa na jua hupanda joto tangu asubuhi, na kuna wakati ambapo joto lake hulingana na joto la manyoya ya mnyama. Wakati huo kihisi hakina cha kulinganisha. Jua likizidi, ardhi huwa na joto kuliko mnyama, na hapo mnyama hutambulika tena kwa sababu yeye ndiye mwenye ubaridi. Kwa hiyo si kweli kwamba mchana wote kamera ni kipofu, wala si kweli kwamba inafanya kazi sawa saa zote. Kamera yenye uwezo wa kuchaguliwa ukali wa kihisi iwekwe kwenye kiwango cha juu katika maeneo ya joto, na cha wastani katika maeneo ya baridi.

Upande anaotokea mnyama nao una uzito. Anayekatiza mbele ya kamera hutoka kanda moja na kuingia nyingine kila hatua, na kihisi humpata mara moja. Anayeijia kamera uso kwa uso hubaki ndani ya kanda ileile kwa muda mrefu, na mara nyingi hupigwa picha akiwa amekwisha kufika karibu mno, ukaona sikio na nusu ya shingo. Hata hivyo, kuielekeza kamera sawasawa na ubavu wa njia kuna hasara yake, kwa sababu kamera nyingi huchukua sehemu ya sekunde, na zile za bei nafuu hufikia sekunde nzima, kati ya kuamshwa na kupiga picha. Chui anayetembea kwa haraka atakuachia mkia. Mimi huiweka kamera mshazari, kama nyuzi 45 kutoka kwenye njia, na sijapata sababu ya kubadilisha mtindo huo.

Wanyama wa majini huwachanganya zaidi wavuvi na wakulima wa ufukweni. Fisi maji anapotoka ziwani, manyoya yake ya nje yana joto linalokaribia la maji, na mara nyingi kihisi hakimhesabu kuwa kitu chochote. Kiboko aliyetoka majini sasa hivi naye hupunguza tofauti ya joto kwa njia hiyohiyo, ingawa ukubwa wake humsaliti. Ukiifunga kamera kwenye njia yake ya malishoni, mbali kidogo na maji, ambapo ngozi imeanza kukauka, utampata kwa urahisi zaidi kuliko ukiifunga ukingoni. Kwa kenge, chatu na mamba, ambao joto lao hufuata la mazingira, usikitegemee kihisi kamwe. Kamera nyingi zina mpangilio wa kupiga picha kila baada ya muda uliowekwa, kwa mfano kila dakika mbili, bila kungoja kuamshwa. Mpangilio huo ndio wa kutumia, na wateja wangu karibu wote hawajawahi kuufungua.

Mwingine atakwambia aliiweka kamera ndani ya dirisha ili isinyeshewe. Kioo cha dirisha huzuia mionzi ya joto inayotoka kwenye mwili wa mnyama, na kihisi kilichowekwa nyuma yake hakipati habari ya nje, mbali na kwamba usiku mwanga wa kamera yenyewe hurudi na kuifanya picha kuwa nyeupe tupu.

Dhana ya pili kwa kunikera ni kwamba kamera iliyofungwa juu huona mbali. Naelewa inakotoka: watu wanaogopa wezi, na kamera za ulinzi za mjini hufungwa juu ya mlango. Lakini kanda za kihisi zimepangwa kwa kulala, na ukiipandisha kamera mita tatu kisha ukaiinamisha, kanda zile hugonga ardhi katika eneo dogo, huku kanu au nguchiro akipita nje yake bila wasiwasi. Kipimo sahihi ni kifua cha mnyama unayemtafuta. Kwa fisi na chui, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini zinatosha. Kwa kanu, fungo au kicheche anayewinda kuku, shuka hadi sentimita 20 au 30, na njia iwe umbali usiozidi mita tatu, kwa kuwa mnyama mdogo hutoa joto dogo na maelezo ya kwenye kasha kuhusu mita 20 hayamhusu. Mwizi azuiwe kwa kasha la chuma, mnyororo na kufuli.

Baada ya kuifunga, kuna jambo moja ninalolisisitiza hadi watu wananicheka: ijaribu kwa kutambaa. Kamera nyingi zina hali ya majaribio ambayo taa ndogo huwaka kila kihisi kinapokutambua. Watu hutembea wima mbele yake, taa ikawaka, wakaridhika na kwenda zao. Wamempima binadamu mrefu, ilhali anayekula kuku ana urefu wa paka. Piga magoti na viganja chini, pita pale mnyama anapopita, kwa kasi yake, jioni jua likishazama. Taa isipowaka, rekebisha kamera na utambae tena. Mzee mmoja wa Njoro aliniambia hilo ni jambo la watoto. Basi nikamwomba awaite wajukuu, na kazi ikafanyika vizuri sana.

Kuhusu mwelekeo wa jua, mafunzo mengi yanayosambaa kutoka Uingereza na Marekani husema kamera lazima itazame kaskazini. Huko ni sawa, kwa sababu jua lao huwa upande wa kusini wakati wa mchana na katika majira ya baridi hushuka chini sana. Sisi tuko kwenye ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, safari fupi kutoka Kisumu. Kwetu jua la adhuhuri haliondoki utosini kwa zaidi ya nyuzi 23 na nusu hivi, liwe upande wa kaskazini mwezi Juni au wa kusini mwezi Desemba. Kwa hiyo kaskazini na kusini zote zinafaa mwaka mzima, na cha kuepuka ni mashariki na magharibi, ambako jua la saa moja asubuhi na la saa kumi na mbili jioni huingia moja kwa moja kwenye lenzi wakati uleule ambapo wanyama wengi wako safarini.

Picha nyingi tupu hazimaanishi kamera ni mbovu. Jani lililopashwa joto na jua likipeperushwa mbele ya kihisi huleta tofauti ya joto, na kamera hutii. Hata wataalamu hawalikwepi: katika mradi mkubwa wa Serengeti uliotumia kamera 225 kati ya 2010 na 2013, zilikusanywa takriban seti milioni 1.2 za picha, na ni seti 322,653 pekee zilizokuwa na wanyama. Fyeka nyasi na matawi yaliyo mbele ya kamera, na ufyeke tena mvua zikinyesha, hasa Kakamega ambako nyasi humea kana kwamba zinakukomoa.

Megapikseli 30 zilizoandikwa kwenye kasha la kamera ya bei nafuu kwa kawaida hutokana na programu inayokuza picha ndogo, si sehemu halisi ya kunasa mwanga. Faili huwa kubwa, kadi hujaa haraka, na madoa ya chui hayaonekani vizuri zaidi. Punguza namba hiyo kwenye mipangilio. Na kama nia yako ni kumtofautisha chui mmoja na mwingine, nunua kamera mbili za wastani uzielekeze pande zote mbili za njia, kwa maana madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya ubavu wa kulia.

Mwanga usioonekana si bora kwa kila hali. Taa za kamera za kumulikia usiku hupimwa kwa nanomita, yaani urefu wa wimbi la mwanga. Zile za nanomita 850 hutoa wekundu hafifu ambao mtu anaweza kuuona, nazo huangaza mbali. Za nanomita 940 hazionekani na binadamu, lakini picha zake huwa na giza zaidi na umbali wake ni mfupi. Hofu ikiwa ni wezi, chagua za pili. Ikiwa unataka kuona upande wa pili wa zizi, chagua za kwanza.

Kwa upande wa betri, zile za bei rahisi za redio hazifai hata kidogo, na betri za kuchaji nazo zina tatizo linalosahauliwa: kila moja hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo nane zilizounganishwa kwa mfuatano huipa kamera volti 9.6 pale inapotarajia 12. Baadhi ya kamera huzikubali, nyingine hupiga picha mchana na kuzimika usiku taa zinapohitaji nguvu. Soma kitabu cha maelekezo kabla ya kununua, na usichanganye betri mpya na kuukuu.

Kamera haihitaji intaneti wala laini ya simu ili kufanya kazi. Aina inayotuma picha kwa mtandao ni anasa, na ndani ya msitu wenye mtandao hafifu itamaliza betri ikitafuta mawimbi.

Mwisho kuna wanaodhani kwamba kamera ni mlinzi. Haimfukuzi fisi, na picha yake haichukui nafasi ya kuripoti hasara kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambako ndiko madai ya fidia chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 huanzia. Inachoweza kufanya ni kukuonyesha kama aliyeingia zizini ni fisi au ni mbwa wa jirani, jambo ambalo limeshamaliza ugomvi mwingi. Ukiielekeza kwenye njia inayopitwa na watu, kumbuka kwamba kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Iinamishe itazame boma lako. Na ukitaka kuifunga ndani ya mbuga au msitu wa serikali kwa ajili ya utafiti, omba idhini kwanza: Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iko Naivasha, katika kaunti hiihii ya Nakuru.