Muundo msingi wa Katiba: kuna kitu ambacho Bunge haliwezi kukibadili?

Mahakama kufuta sheria inayokiuka Katiba ni jambo tulilolizoea. Bunge linatunga, mwananchi anafungua shauri, majaji wanaisoma sheria na Katiba pamoja, kisha sheria inasimama au inaanguka. Hoja ya muundo msingi inakwenda mbali zaidi ya hapo. Kinachopingwa ni marekebisho ya Katiba yenyewe. Bunge limefuata taratibu zote, theluthi mbili zimepatikana, Rais ametia saini, na bado mtu anasimama mbele ya majaji kudai kwamba mabadiliko hayo ni batili. Yatapimwa kwa kipimo gani, ikiwa Katiba iliyokuwa kipimo ndiyo imeshabadilishwa?

Nadharia inajibu hivi: kila Katiba ina mambo yanayoifanya iwe Katiba hiyo na si nyingine, kama mamlaka ya wananchi, mgawanyo wa madaraka, uhuru wa mahakama na uchaguzi wa haki. Bunge lilipewa uwezo wa kuirekebisha Katiba, halikupewa uwezo wa kuiua na kuweka nyingine mahali pake. Ukimpa ndugu yako hati ya uwakili asimamie shamba lako, anaweza kubadili mazao na kuajiri vibarua, lakini hujamruhusu aliandikishe shamba kwa jina lake.

Aliyeliuliza swali hili kwa namna ambayo bado inatusumbua alikuwa msomi wa sheria kutoka Ujerumani, Dietrich Conrad wa Chuo Kikuu cha Heidelberg. Mwaka 1965 alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Banaras, India. Aliuliza: chama tawala kikiona wingi wake bungeni unapungua, kinaweza kuibadili ibara ya marekebisho ili Katiba ibadilishwe na Rais kwa ushauri wa Waziri Mkuu? Uwezo wa kurekebisha unaweza kutumika kuifuta Katiba yote na kurudisha utawala wa Taji la Uingereza? Conrad hakuwa anacheza na mafumbo. Machi 1933, nchini kwake, Bunge lilipitisha kwa zaidi ya theluthi mbili sheria iliyoipa serikali ya Hitler uwezo wa kutunga sheria zinazopingana na Katiba. Utaratibu ulifuatwa kwenye karatasi, huku wabunge wa upinzani wakiwa wamekamatwa au kutishwa. Ndiyo maana Katiba ya Ujerumani ya 1949, katika Ibara ya 79, inataja waziwazi mambo yasiyoguswa na marekebisho yoyote.

Katiba ya India haikuwa na ibara ya namna hiyo. Mawakili wakalipeleka swali la Conrad mahakamani, na tarehe 24 Aprili 1973 Mahakama ya Juu ya India ikatoa uamuzi katika shauri la Kesavananda Bharati, kiongozi wa taasisi ya dini ya Kihindu huko Kerala aliyekuwa akipigania ardhi ya taasisi yake. Majaji 13 walisikiliza hoja kwa siku 68. Saba walisema Bunge linaweza kurekebisha ibara yoyote lakini haliwezi kuuharibu muundo msingi. Sita hawakukubaliana nao. Tofauti ilikuwa kura moja.

Miaka miwili baadaye maana yake ikaonekana. Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha uchaguzi wa Waziri Mkuu Indira Gandhi. Bunge likarekebisha Katiba haraka na kuuweka uchaguzi wa Waziri Mkuu nje ya uwezo wa mahakama yoyote, shauri lake likiwa bado linasubiri rufaa. Mahakama ya Juu iliifuta sehemu hiyo ya marekebisho, ingawa Gandhi alishinda rufaa yake kwa sababu nyingine. Msomaji anayedhani hii ni falsafa ya madarasani alitazame shauri hilo: Katiba ya taifa zima iliandikwa upya ili mtu mmoja aepuke kesi.

Pingamizi dhidi ya nadharia hii lina uzito, na silidharau. Majaji hawakuchaguliwa na mtu. Orodha ya mambo ya msingi haikuandikwa popote, na katika Kesavananda kwenyewe kila jaji alikuja na orodha yake. Kuwapa majaji rungu la kuvunja hata marekebisho ya Katiba ni kuwapa neno la mwisho juu ya kila kitu, na hakuna wa kuwasahihisha.

Kenya ilikuwa na sababu ya kuipokea nadharia hii. Mwaka 1982 marekebisho yaliifanya KANU kuwa chama pekee halali. Mwaka 1988 marekebisho mengine yaliwaondolea majaji ulinzi wa ajira yao. Yote mawili yalipita bungeni kwa utaratibu uliokuwepo. Basi ulipokuja Mpango wa Maridhiano, BBI, uliotaka kuirekebisha Katiba na uliozaliwa na handisheki, yaani mapatano, ya Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga mwaka 2018, majaji watano wa Mahakama Kuu waliusimamisha Mei 2021. Walisema muundo msingi unaweza kubadilishwa na wananchi wenyewe tu, kwa hatua nne: elimu ya uraia, maoni ya umma, bunge maalum la katiba na kura ya maoni. Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono Agosti mwaka huohuo.

Machi 2022 Mahakama ya Juu ilikataa. Kwa wingi wa majaji ilisema nadharia hiyo haitumiki Kenya, kwa sababu Katiba ya 2010 ina kinga zake katika Ibara ya 255 hadi 257. Mambo mazito kama muhula wa Rais, Sheria ya Haki (sura ya Katiba inayolinda haki za msingi), uhuru wa mahakama na ugatuzi hayaguswi bila kura ya maoni, ambayo kwanza lazima angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti. Hata hivyo BBI ilikufa palepale, kwa kuwa majaji waliona Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyotengwa kwa ajili ya raia. Naiona hukumu hiyo kuwa sahihi. Pale ambapo wananchi wameandikiwa mlango wao, jaji hana haja ya kubuni mwingine.

Uganda iliikubali nadharia, lakini haikuwasaidia waliopinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa mgombea urais. Mahakama ya Katiba iliyoketi Mbale mwaka 2018 iliuacha uondolewe, ikafuta tu hatua ya wabunge kujiongezea muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iliafiki, kwa majaji wanne dhidi ya watatu.

Tanzania ndiyo inayonipa wasiwasi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alikubali hoja ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kuwa mgombea binafsi, asiyesimamishwa na chama chochote, ni haki ya raia. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya Katiba yaliyoizima haki hiyo. Mtikila alirudi, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi. Serikali ilikata rufaa. Mahakama ya Rufani, ikiwa na majaji saba, iliwaalika maprofesa Palamagamba Kabudi na Jwani Mwaikusa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miongoni mwa marafiki wa mahakama, yaani wataalamu wanaoishauri bila kuwa upande wowote wa kesi. Juni 2010 ikaamua kwamba haina uwezo wa kuifuta ibara ya Katiba, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, la Bunge kulimaliza.

Kwa maneno ya juu, huo ni msimamo uleule wa Mahakama ya Juu ya Kenya. Tofauti iko katika kilichobaki baada yake. Kwa Ibara ya 98 ya Katiba ya Tanzania, theluthi mbili ya wabunge wote zinatosha kwa sehemu kubwa ya Katiba. Mambo machache ya Muungano yanadai theluthi mbili ya kila upande, Bara na Zanzibar. Kura ya maoni haimo. Mahakama ikijitoa, hakuna mwingine wa kumzuia mwenye wabunge wa kutosha, na bungeni chama kimoja kimewahi kuzipita theluthi mbili kwa mbali.

Mtikila alikwenda Mahakama ya Afrika, Arusha, ambayo mwaka 2013 ilisema Tanzania imevunja haki yake. Ibara ya 39 na ya 67 bado zinadai kwamba anayetaka urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa. Mjadala wa Katiba mpya umekuwa ukizunguka muundo wa Muungano wa serikali tatu na tume ya uchaguzi. Mimi ningeanza na Ibara ya 98, na ningetaka mambo machache yatajwe kwa majina yao, kila moja likidai kura ya wananchi kabla halijaguswa.