Imla kwa kompyuta: ipe sentensi nzima

Wengi wanaoniomba niwawekee programu ya imla, ile inayogeuza unachosema kuwa maandishi, kwenye kompyuta ya nyumbani huanza kutamka kwa namna moja: neno, kimya, neno, kimya, silabi zimenyooshwa kama mwalimu anayewasomea imla watoto wa darasa la tatu. Wakitazama skrini wanakuta vurugu, na papo hapo wanaamua kwamba mashine haijui Kiswahili. Inakijua kuliko wanavyodhani. Ila wameinyima kitu inachokitegemea kuliko vyote, yaani mtiririko wa sentensi.

Ninafanya kazi hii na watafsiri, mawakili, wanafunzi wa uzamili na watu ambao mikono inawauma kiasi kwamba kupiga chapa ukurasa mmoja ni mateso. Karibu wote wana kompyuta ya kawaida, bando la kawaida na nyumba yenye kelele za kawaida. Kwa vifaa hivyo imla ya Kiswahili inawezekana leo, na ningependa watu wengi zaidi waitumie, hasa wale ambao kibodi imewazuia kuandika mambo wanayoyajua vizuri.

Kwanza tuone mashine inasikia nini. Sauti ikiingia kwenye kipaza sauti, programu huikata vipande vidogo mno, kwa kawaida vya milisekunde 25 kila kimoja, na kupima nguvu ya sauti katika masafa mbalimbali. Kutokana na vipimo hivyo haipati herufi; inapata uwezekano tu. Hapa labda ni “l”, labda ni “r”. Pale labda ni “th”, labda ni “s”. Kisha inauliza: katika Kiswahili ilichofundishwa, ni mfuatano upi wa maneno unaoelekea kuwa ndio?

Chukua mahali na mahari, kalamu na karamu, kula na kura, thamani na samani. Ukitamka “mahari” peke yake, ukanyamaza, na lafudhi yako haitenganishi sana “l” na “r” (lafudhi nyingi za bara ziko hivyo, wala si aibu), programu inabaki kubahatisha. Ukisema kwa mkupuo “wazazi wa binti wametaja mahari ya ng’ombe kumi”, maneno ya binti, wazazi na ng’ombe yanaivuta kwenye jibu sahihi. Ndiyo maana unapoandika kwa sauti utaona maneno yakijibadilisha kwenye skrini: neno la kwanza linakaa hivi, halafu la tano likifika, la kwanza linageuka. Usishtuke, wala usikimbilie kusahihisha. Maliza sentensi kwanza.

Ule ushauri wa kutamka neno moja moja una historia yake. Mwaka 1990 kampuni ya Dragon Systems ya Marekani, iliyoanzishwa na James na Janet Baker, ilitoa DragonDictate kwa bei ya dola 9,000, na mtumiaji alilazimika kutua baada ya kila neno. Mwaka 1997 kampuni hiyo hiyo ikatoa Dragon NaturallySpeaking, ambayo iliruhusu mtu kusema mfululizo. Ushauri wa zamani ukaendelea kuzunguka ingawa sababu yake ilikwisha. Na kwa kuwa bado naulizwa kuhusu Dragon: ni programu nzuri kwa Kiingereza, Kijerumani na lugha nyingine chache, lakini haina Kiswahili. Usiinunue kwa kazi ya Kiswahili.

Mahali rahisi pa kuanzia ni Google Docs. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa kwa sauti mwezi Agosti 2017, na kuna chaguo la Tanzania na la Kenya. Fungua waraka kwenye kivinjari cha Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja, chagua lugha, bofya picha ya kipaza sauti, sema. Jaribu chaguo zote mbili kwa aya ile ile kabla ya kuamua, kwa sababu nimeona watu wa Dar es Salaam wanaoeleweka vizuri zaidi kwenye chaguo la Kenya. Ni bure, ila inahitaji intaneti muda wote, maana sauti yako husafiri hadi kwenye seva za Google na kurudi ikiwa maandishi.

Kinachowasumbua wengi hapo ni alama za uandishi. Kwa Kiingereza unaweza kutamka jina la koma na alama ikatokea. Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha zinazokubali hivyo. Ukisema “koma” utaandikiwa neno koma. Mimi huwafundisha watu kumaliza sentensi, kuvuta pumzi, na kubonyeza Enter kwa kidole. Kila sentensi inakaa kwenye mstari wake. Nukta na koma huwekwa baadaye, kwa mkono, wakati wa kusahihisha. Nimegundua kwamba wanaofanya hivi huandika sentensi fupi na safi zaidi kuliko walivyozoea, na kwa barua za kikazi hilo ni faida tupu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kiswahili hubeba ukanushi kwenye herufi nyepesi, “h” ya mwanzo wa kitenzi. Linganisha “mteja atalipa deni” na “mteja hatalipa deni”. Au “mwenye nyumba akubali masharti” na “mwenye nyumba hakubali masharti”. Kuna pumzi moja tu kati ya ndiyo na hapana, na wengi wetu huimeza pumzi hiyo tunapoongea haraka. Hapa sentensi nzima haikuokoi, kwa sababu zote mbili ni sentensi halali. Programu haina sababu ya kuchagua moja kuliko nyingine, na ikikosea, hakuna mstari mwekundu chini ya neno. Kisahihisha tahajia hakioni kosa kwa sababu neno limeandikwa barabara.

Kwa hiyo nawasihi wote ninaowafundisha, na mawakili nawasihi mara mbili: kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye rasimu, pitia vitenzi vyote vinavyoanza na “a” au “ha”, kimoja baada ya kingine, ukijiuliza ulikusudia nini. Wakati wa kutamka, ipe “h” uzito wake. Na kama jambo ni zito, mkataba au maelezo ya mgonjwa, ongeza neno la pili linalobeba ukanushi: “hatalipa kabisa”, “hakubali hata kidogo”. Utaliondoa baadaye ukitaka, lakini kwenye rasimu linakuonyesha ulichosema.

Kitenzi cha Kiswahili pia hufanya takwimu za makosa zionekane mbaya kuliko hali halisi. Kipimo kinachotumika sana huhesabu maneno yaliyokosewa. “Hatukuwaambia” ni neno moja lililobeba ukanushi, mtendaji, wakati na mtendewa. Silabi moja ikiteleza, neno zima linahesabiwa kosa, ingawa kulirekebisha ni kugusa herufi mbili. Ukisikia programu fulani inakosea zaidi Kiswahili kuliko Kiingereza, ni kweli, lakini uliza pia kipimo kwa herufi.

Tarakimu, saa na fedha ziandike kwa mkono. Tunaposema saa mbili asubuhi, barua pepe ya mwenzako wa Uingereza inasubiri saa 8:00, na programu haijui unamwandikia nani. “Elfu mia mbili” na “mia mbili elfu” huwachanganya hata watu, sembuse mashine. Maneno ya Kiingereza tunayoyachomeka kila siku nayo hutoka na tahajia za ajabu. Yakikupata, andika tu kwa mkono uendelee.

Chumba na kipaza sauti vina nguvu kuliko programu utakayochagua. Kipaza sauti kilichomo ndani ya kompyuta mpakato kinasikia feni ya kompyuta yenyewe, mwangwi wa sakafu ya saruji na pangaboi juu ya kichwa. Kifaa cha masikioni chenye kipaza sauti cha USB, hata cha bei ndogo, hukaa karibu na mdomo na kupunguza hayo yote. Kiweke pembeni mwa mdomo, upana wa vidole viwili, kisipigwe na pumzi. Kaa chumba chenye pazia, godoro au nguo nyingi. Mvua ikiwa juu ya mabati, fanya kazi nyingine.

Kwa wanaoandika mambo ya siri, Google Docs siipendekezi. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ni ya 2019, na ya Tanzania ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Daktari anayetamka majina na maradhi ya wagonjwa anapaswa kujua sauti hiyo inakwenda wapi. Hapo ndipo inapofaa Whisper, programu nyingine ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kampuni ya OpenAI iliitoa Septemba 2022, bure, na inaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Unarekodi kwanza, kisha unaipa faili ikuandikie. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, ambazo Kiswahili kilipata sehemu ndogo sana, kwa hiyo ukubwa wa modeli, yaani faili lenye yale programu iliyojifunza, una maana kubwa kwetu. Ile ndogo inayowatosha Waingereza haitutoshi. Tumia ya kati, ambayo faili lake ni kama gigabaiti 1.5, au kubwa, kama gigabaiti 3. Kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha yenye nguvu, kubwa hutumia muda mrefu kuliko rekodi yenyewe; iache ifanye kazi wakati unapika au umelala.

Mipangilio mitatu nisiyoiacha kamwe. Lugha niitaje mwenyewe kuwa Kiswahili, maana ikiachiwa kukisia hutumia sekunde 30 za mwanzo tu, na salamu zenye Kiingereza kidogo huipoteza. Kazi iwe kunukuu, kwa kuwa ina njia nyingine inayotafsiri moja kwa moja kwenda Kiingereza, na wapo waliopata ukurasa wa Kiingereza wasiouomba. Halafu kuna nafasi ya kuweka maandishi ya kutangulia: hapo naandika majina yatakayotajwa, Mwanakhamisi, Namtumbo, Kibondo, pamoja na istilahi za kazi. Inayasoma kabla ya kusikiliza, na tahajia ya majina hutengemaa sana.

Rekodi usiiache na kimya kirefu. Whisper ikisikia kimya huweza kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema, shukrani kwa watazamaji kwa mfano, kwa sababu ilijifunza kutokana na sauti za mtandaoni zenye maandishi yake. Pia huunga neno kwa vipande, hivyo mara nyingine hutunga neno ambalo halipo. Makosa ya namna hiyo angalau yanaonekana kwa macho. Kwa yale yasiyoonekana, wacha kompyuta ikusomee rasimu: NVDA, programu ya bure wanayoitumia wasioona, inakuja na sauti ya Kiswahili ya eSpeak, programu inayosoma maandishi kwa sauti. Sauti hiyo ni kavu, lakini sikio hunasa “atalipa” iliyotakiwa kuwa “hatalipa” pale ambapo jicho limekwisha kuzoea.

Lafudhi zinazoeleweka vibaya leo ni zile ambazo sauti zake hazimo kwenye mafunzo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili kwa kujitolea: unasoma sentensi kwenye skrini, watu wengine wanasikiliza na kuthibitisha, na mkusanyiko unatolewa bure kwa yeyote anayetengeneza programu. Ukiwa Lamu, Kigoma, Bujumbura au Lubumbashi, kipaza sauti kile kile cha imla kinatosha kuchangia. Soma kama unavyoongea nyumbani kwenu. Sauti ya mtangazaji wa redio tayari wanayo.