Marguerite wa Provence: malkia aliyeununulia mji chakula akiwa mzazi kitandani

Kwa Kiswahili tunasema "malkia" kwa watu wawili tofauti: mwanamke anayetawala kwa haki yake mwenyewe, na mke wa mfalme. Ufaransa ya zama za kati haikuwahi kuwa na yule wa kwanza. Malkia wake wote waliingia ikulu kwa mlango wa ndoa, na nguvu zao zilitegemea ukoo waliotoka, watoto waliozaa, na mali waliyotengewa. Marguerite wa Provence, mke wa Louis wa Tisa, alikuwa na vyote vitatu kwa wingi. Hata hivyo, kila alipotaka kauli ya kudumu katika utawala, alizuiwa.

Alizaliwa mwaka 1221, binti mkubwa wa Raymond Berenger, mtawala wa Provence, na mkewe Béatrice wa Savoy. Alifunga ndoa mjini Sens tarehe 27 Mei 1234, akiwa na miaka kama 13, mume akiwa na 20. Kesho yake akatawazwa. Katika mkataba wa ndoa hiyo msomaji wa Kiswahili anaweza kupotea, maana mali ilikwenda kinyume cha mahari yetu: baba wa bibi harusi ndiye aliyeahidi kumlipa bwana harusi maki 10,000 za fedha (maki ni kipimo cha uzito cha zama hizo), na ngome ya Tarascon ikawekwa rehani. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikulipwa kamwe. Mfalme naye alimtengea mkewe mji wa Le Mans ili apate pa kuishi na cha kula akibaki mjane. Haya ni mafungu mawili tofauti, na wengi wanaosimulia ndoa za kifalme huyachanganya.

Wadogo zake watatu nao wakawa malkia. Éléonore aliolewa na Henry wa Tatu wa Uingereza mwaka 1236. Sancie aliolewa na Richard wa Cornwall, mdogo wake Henry, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mfalme huko Ujerumani. Béatrice, kitinda mimba, aliolewa mwaka 1246 na Charles wa Anjou, mdogo wake Louis, ambaye baadaye aliipata Sicily. Kwa hiyo mfalme wa Ufaransa na mfalme wa Uingereza, mahasimu wa miaka mingi, wakawa wanyumba. Hili halikubaki jambo la harusini tu. Walipofanya mapatano ya Paris, yaliyokamilishwa Desemba 1259, washauri wa Louis walimlaumu kwa kumwachia Henry ardhi. Akawajibu kwamba wake zao ni ndugu na watoto wao ni binamu. Kwa hesabu yetu ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, yaani ndugu hasa.

Nyumbani, tatizo lilikuwa mavyaa. Blanche wa Castile alikuwa ameiongoza nchi tangu mwanawe alipotawazwa akiwa na miaka 12, na hakutaka kumgawana na mtu. Jean de Joinville, kabaila kutoka Champagne aliyewajua wote watatu na kuandika kitabu juu ya mfalme, anasimulia kuwa katika jumba la Pontoise chumba cha mfalme kilikuwa juu na cha malkia chini. Wanandoa walikutana kwenye ngazi katikati, na watumishi waligonga mlango kwa fimbo zao kila walipomwona mama mkwe anakuja, ili kila mmoja akimbilie chumbani kwake. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 1240, miaka sita baada ya harusi.

Mwaka 1248 Louis aliondoka bandari ya Aigues-Mortes kwenda Vita vya Msalaba, na Marguerite akafuatana naye. Juni 1249 waliuteka mji wa Damietta, ambao Waarabu wanauita Dumyat, kwenye mdomo wa mto Nile nchini Misri. Mfalme akasonga ndani na jeshi, malkia akabaki mjini akiwa mjamzito. Mapema Aprili 1250 jeshi lilivunjika na Louis akatekwa. Habari zilimfikia Marguerite siku tatu kabla hajajifungua.

Alimwomba mzee mmoja, askari wa miaka 80 aliyekuwa akimlinda chumbani, ampe ahadi kwamba maadui wakiingia mjini atamkata kichwa kabla hawajamshika. Mzee akajibu kuwa alikwisha kuliwaza hilo. Mtoto wa kiume akazaliwa, akaitwa Jean, na jina la Tristan likaongezwa kwa huzuni ya wakati ule. Siku hiyohiyo akaambiwa kwamba mabaharia na wafanyabiashara wa Genoa na Pisa wanataka kupakia na kuondoka. Akawaita kitandani pake. Aliwaeleza kuwa mji ukiachwa, mfalme na wote waliotekwa naye wamekwisha. Nao wakamwambia ukweli wao: wanakufa njaa. Basi akaamuru chakula chote kilichokuwa mjini kinunuliwe, na watu hao akawaweka chini ya malipo ya mfalme. Wakabaki.

Joinville anataja gharama ya livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) 360,000 na zaidi. Tarakimu hiyo ichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu fidia nzima ya jeshi ilipatanwa kwa livre 400,000. Isitoshe, Joinville mwenyewe siku hizo alikuwa mateka, hakuwamo chumbani, na kitabu chake alikikamilisha mwaka 1309. Lakini kiini cha tukio kina mantiki ya kivita. Katika mapatano, Damietta ndiyo iliyotolewa kuwa fidia ya mfalme mwenyewe, na fedha zikawa za watu wake. Bila mji, Louis asingekuwa na cha kutoa. Mwezi Mei aliachiwa.

Blanche alifariki Novemba 1252, wakati wao wakiwa bado Mashariki. Joinville alimkuta Marguerite analia, akashangaa, maana marehemu ndiye aliyemchukia kuliko wote. Malkia akajibu kwamba hamlilii yeye, analia kwa uchungu alionao mumewe. Ni jibu la mtu mkweli kuliko wengi tunaowasoma katika habari za wafalme.

Walirudi Ufaransa mwaka 1254. Mwaka 1263 ikajulikana kwamba Marguerite alimwapisha mwanawe Philippe, mrithi wa kiti, akae chini ya uangalizi wake hadi afike miaka 30, asichukue mshauri anayempinga mama yake, na asifungamane na Charles wa Anjou. Papa Urban wa Nne alimfungua Philippe katika kiapo hicho. Kumtaja Charles kulikuwa na sababu: Raymond Berenger alipofariki mwaka 1245 Provence ilikwenda kwa binti mdogo, na kwa hiyo ikaangukia mikononi mwa mumewe Charles. Marguerite, mtoto wa kwanza, aliidai sehemu yake kwa miaka mingi bila kuipata nchi hiyo. Louis alipoondoka tena kwenda Vita vya Msalaba mwaka 1270, uangalizi wa ufalme aliwakabidhi abati (mkuu wa watawa) wa Saint-Denis na kabaila Simon de Nesle. Mkewe, aliyebaki nchini, hakupewa.

Safari hiyo iliishia Tunis. Jean Tristan, yule mtoto wa Damietta, alikufa huko Agosti, na baba yake akamfuata tarehe 25 ya mwezi huohuo. Mwaka 1271 wakafariki mabinti wawili, Isabelle na Marguerite. Kati ya watoto 11 aliowazaa, malkia alifiwa na 8. Ukisoma nasaba hii jihadhari na majina: kuna Blanche wawili, mmoja aliyefariki utotoni na mwingine aliyezaliwa Yafa, na Jean wawili. Robert wa Clermont, mtoto wa kumi, aliumia kichwa katika mashindano ya wapanda farasi mwaka 1279 na akili yake haikurudi sawa. Ni kupitia kwake ukoo wa Bourbon ulipata haki ya kiti cha Ufaransa mwaka 1589.

Marguerite alifariki Paris Desemba 1295, katika nyumba ya watawa wa kike wa Kifransisko aliyoianzisha mwenyewe, akazikwa Saint-Denis. Miezi ishirini baadaye, Agosti 1297, Kanisa lilimtangaza mumewe kuwa mtakatifu.