Muziki shuleni Lamu: kila mtoto aimbe, si wa kwaya peke yao

Mwalimu amesimama mbele ya Gredi ya Nne. Ni kijana, ana sauti nene ya kupendeza. Anaanzisha wimbo, watoto arobaini wanamfuata, na kabla ya ubeti wa kwanza kwisha wimbo umevurugika. Wengine wamezama chini mpaka sauti imewakauka, wengine wanapiga kelele juu, na wasichana wawili wa dirishani wamenyamaza kabisa. Mwalimu ananigeukia: "Hawa hawana sikio, mwalimu."

Kazi yangu ni kufundisha walimu wa muziki, na neno hilo nimelisikia katika shule nyingi za visiwa na za bara ya Lamu. Karibu kila mara nikichunguza nakuta sikio la watoto ni zima. Wimbo ndio ulioanzishwa mahali ambapo koo la mtoto halifiki.

Nyuzi za sauti za mwanamume ni ndefu na nene. Akizungumza kawaida hutikisika kama mara 120 kwa sekunde, ilhali za mtoto wa miaka tisa hutikisika mara 250 na zaidi. Kwa hiyo noti inayomstarehesha mwalimu ni shimo kwa mtoto. Wapo watakaojua wenyewe kupanda oktava moja juu, yaani hadi noti ya jina lile lile iliyo juu yake, waimbe pale panapowafaa. Wengine watajaribu kumfuata mwalimu huko chini, watashindwa, na mwisho wataamini kwamba hawajui kuimba.

Dawa yake haina gharama. Tafuta kwenye kinanda, hata kile cha programu ya bure ya simu, ile Do ya katikati (C4). Noti ya chini kabisa ya wimbo wako isishuke hapo, na sehemu kubwa ya wimbo ikae kati ya Re inayofuata na La iliyo juu yake. Mwalimu mwanamume aimbe kwa sauti yake nyembamba. Akiona tabu, amtafute mwanafunzi mwenye sauti imara awe ndiye anayeanzisha. Katika shule ile ya mwanzo tulimpa kazi hiyo binti mdogo wa mstari wa mbele. Tulianza upya wimbo ule ule kwa noti yake, na darasa zima likaingia pamoja. Wale wawili wa dirishani pia waliimba.

Hili nalisemea kwa uchungu. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu wetu wa kwaya alinishika bega akanambia: "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Nilifungua mdomo miaka mitatu. Mwalimu ukikutana na mtoto wa namna hiyo, usimwambie aifuate noti yako. Ifuate wewe yake. Mwambie atoe sauti yoyote, uimbe hiyo hiyo pamoja naye, kisha mpande ngazi moja, mrudi, mpande mbili. Watoto wa hapa huupenda pia mchezo wa boti: sauti inaanza chini kama injini inayowashwa gatini, inapanda taratibu mpaka boti imeshika kasi, halafu inashuka ikitia nanga. Kwa mchezo huo mtoto hugundua kwamba sauti yake inaweza kusogea. Dakika mbili kila kipindi, muhula mzima, na utashangaa.

Kuna wazazi wasiotaka habari ya muziki kabisa. "Mwalimu, mimi sikumleta mwanangu skuli apige ngoma," mzee mmoja alimwambia mwalimu mbele yangu, kwa upole lakini kwa uzito. Wasiwasi huo ni wa imani, na mwalimu asiudharau wala asiuzunguke kwa hila. Wanavyuoni wenyewe wana kauli tofauti kuhusu ala za muziki. Mwalimu mwenye busara huwaita wazazi mapema, huwaonyesha nyimbo atakazofundisha, na huanza na sauti ya mtu na makofi. Huo ni msingi wa kutosha kwa miaka miwili ya mwanzo. Kasida zipo, nyimbo za mabaharia zipo, utenzi upo.

Tena mtoto wa Lamu haji skuli mtupu. Amekaa madrasa akifundishwa kurefusha pale pa kurefusha na kukata pale pa kukata. Hatusemi kisomo cha Kurani ni muziki, na mwalimu asithubutu kusema hivyo darasani. Tunasema sikio lililozoea kupima urefu wa sauti ni sikio lililo tayari. Chukua beti za utenzi, ambazo kila kipande chake kina mizani, yaani silabi, nane. Watoto wazikariri huku wakipiga kofi kwenye mizani ya kwanza na ya tano. Kisha nusu ya darasa ipige kila mizani, na nusu nyingine ibaki na yale makofi mawili. Hapo umeshafundisha mapigo na mdundo bila kuchora noti hata moja ubaoni. Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967) alijenga mafunzo yake juu ya wazo hilo hilo: mtoto aanze na nyimbo za lugha ya mama yake, maandishi yaje baadaye. Ishara za mkono za Do Re Mi zinazotumika katika njia yake zina asili ya Mwingereza John Curwen, na zinafaa sana kwa darasa lisilo na vitabu.

Wazazi wakisharidhia ala, anza na twari, ile ngoma ya duara ya kushikwa mkononi, maana mafundi wake wapo mtaani. Watoto wasome mdundo kwa mdomo kwanza, dum kwa katikati ya ngozi na tak kwa ukingoni, wakiweza kuusema ndipo washike ala. Wakati wa mvua za masika ngozi ya mbuzi hunywa unyevu ikalegea, na tak ikawa haisikiki. Kila aliyehudhuria Maulidi ameona vijana wakikanza matwari kwenye moto wa makuti kabla ya kuanza. Wafundishe watoto sababu yake: ngozi ikikauka hukaza, ikikaza hutikisika upesi, sauti inapanda. Hapo umeingia kwenye sayansi.

Siwa, baragumu kubwa ya sherehe ya pwani yetu, nayo ina somo lake. Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi mwaka 1498, Mreno aliyeandika kumbukumbu za safari ile alitaja tarumbeta mbili za pembe za ndovu, zilizochongwa, ndefu kama mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimebaki hadi leo katika hazina za Makumbusho ya Taifa. Mtoto anayejua kwamba baragumu za pwani yake ziliandikwa na wageni miaka zaidi ya 500 iliyopita hataona muziki ni kitu cha kuletwa na meli.

Sasa tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 na limelea vipaji vingi, nami nalipenda. Lakini shule nyingi zimelifanya ndilo somo lenyewe. Wanachaguliwa watoto thelathini, wanakamuliwa wiki sita, wakitolewa kaunti kila kitu kinafungiwa stoo mpaka mwakani. Mia tatu waliobaki hawajaimba. Katika mtaala wa umilisi muziki umewekwa pamoja na uchoraji na michezo, na ni rahisi mwalimu apendaye mpira akapeleka vipindi vyote uwanjani. Mwalimu mkuu anayetaka muziki uishi aanzie kwenye ratiba: kipindi kimoja kwa wiki kisichoguswa, kwa kila darasa. Kwaya itajitokeza humo yenyewe.

Wavulana wa sekondari msingi sauti zikivunjika wasifukuzwe. Wapewe noti tatu nne za chini, au mdundo, na waambiwe wazi kwamba sauti itatulia.

La mwisho ni uhamisho. Mwalimu wa muziki akihamishwa, mara nyingi kazi yote huondoka naye kwenye boti ile ile. Kwa hiyo kila shule iwe na walimu wawili wanaoshirikiana, hata kama mmoja ni wa hisabati, na iwe na daftari moja gumu linalokaa ofisini. Kila wimbo upate ukurasa wake: maneno, solfa (Do Re Mi zake), mdundo wa twari, jina la mzee aliyeufundisha na mtaa wake, na juu kabisa, kwa wino mwekundu, noti ya kuanzia.