Dawa za maumivu: tafuta jina lililoandikwa kwa herufi ndogo

Nimemeza parasetamoli na kichwa bado kinagonga. Niongeze?

Umemeza ngapi, na saa ngapi? Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kisha husubiri angalau saa 4. Asizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito mdogo sana au anayekunywa pombe nyingi aulize kwanza, maana kiwango chake huenda kikawa pungufu.

Vidonge 8 ni vingi. Nani atavipita?

Wengi, tena bila kujua. Asubuhi mtu anameza parasetamoli, mchana dawa ya mafua, usiku dawa nyingine ya homa na kikohozi. Maboksi matatu, rangi tatu, lakini ndani huenda yote yana parasetamoli. Jina kubwa la boksini ni la biashara tu. Dawa yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Ukikuta asetaminofeni, ni parasetamoli hiyo hiyo.

Si nikizidisha nitajisikia vibaya mapema?

La. Siku ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu tu, au usihisi chochote, na huku ini linaumia. Ipo dawa ya kulikinga, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8 tangu kuzidisha. Nenda hospitali na boksi mkononi. Usingoje macho yawe ya njano.

Ibuprofeni na diklofenaki je?

Hizo ni kundi lingine. Hupunguza kemikali za mwilini zinazochochea maumivu na uvimbe, ila kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Kula kwanza hutuliza tumbo, lakini hakuzuii vidonda, ingawa wengi huamini hivyo. Usimeze mbili za kundi hili kwa pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, asizitumie bila daktari. Choo kikiwa cheusi kama lami, wahi hospitali.

Na mtoto?

Dozi yake hufuata uzito. Pima kwa kifaa kilichokuja na dawa, si kijiko cha jikoni. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16 mpaka daktari aagize.

Ndugu yangu alibakiza tramadoli, ile dawa kali ya maumivu. Niitumie?

Usiitumie. Inaweza kupunguza kasi ya kupumua, hasa ikikutana na pombe au dawa za usingizi, na mwili huizoea.

Kichwa kinaniuma karibu kila siku, nami nameza karibu kila siku.

Hesabu siku unazomeza dawa. Zikifika 15 au zaidi kwa mwezi, na hali hiyo ikapita miezi mitatu, huenda vidonge vyenyewe ndivyo vinavyokiumiza. Andika tarehe na dawa unazomeza, kisha mpelekee daktari karatasi hiyo.